Farasi wa Breyer namba 57: mgeuze kwanza, lipa baadaye

Farasi mwenyewe nampa nyota nne kati ya tano. Muuzaji anapata mbili.

Namzungumzia Western Horse, namba 57 wa Breyer, kampuni ya Marekani ya farasi wa plastiki wa kukusanya: mwili rangi ya dhahabu, manyoya ya shingo na mkia meupe, hatamu za mnyororo, na tandiko linalovuliwa. Nilimkuta kwenye duka la vitu vya zamani hapa Lexington, Kentucky, amebandikwa karatasi: "1950, toleo la kwanza." Bei nayo ilikuwa ya toleo la kwanza.

Mwaka huo haukutoka hewani. Breyer kilikuwa kiwanda cha plastiki Chicago, kikapewa kazi na kampuni ya saa ya Mastercrafters itengenezewe farasi wa kupamba saa ya mezani, ndiye huyu namba 57. Kalibu ikabaki kiwandani kama malipo, maduka ya Woolworth yakaagiza farasi peke yake, na biashara ikashika kasi. Ndiyo maana kila mwenye namba 57 anaomba wake awe wa enzi zile.

Basi nikamgeuza. Kwa ndani ya mguu wa nyuma kulikuwa na muhuri wa duara wenye jina la Breyer Molding Co. Farasi wa mwanzo kabisa hawana muhuri. Ulianza kuonekana karibu na 1960. Wangu alikuwa pia na herufi U.S.A., ambazo ziliongezwa karibu na 1970. Halafu rangi yake haina mng'ao, wakati wale wa zamani wanang'aa kama sahani ya kauri.

Muuzaji akang'ang'ania: si unaona alivyogeuka manjano? Jamani, hata farasi wa juzi tu aweza kugeuka manjano. Tandiko nalo si ushahidi, maana linavuliwa, na huwezi kujua limeshapita kwa farasi wangapi.

Mwishowe alishusha bei, nikambeba. Ametulia vizuri rafuni, miguu haijapinda, mnyororo mzima. Nyota niliyokata ni ya ncha za masikio, zimechubuka hadi plastiki nyeupe inachungulia.

Anayemtaka yule asiye na muhuri asubiri Julai, wakati wa BreyerFest, tamasha la kila mwaka la wapenzi wa farasi wa Breyer, pale Kentucky Horse Park. Wakusanyaji huuziana hadi vyumbani hotelini, na hakuna anayekununia ukimpindua farasi wake miguu juu.