TAHADHARI: Kuna tapeli wa "komba wa Rondo" hapa Lindi

Ndugu zangu, nimepigwa. Tena mbele ya shemeji na wanawe, waliokuja kutoka Mwanza. Mnivumilie, bado natetemeka kwa hasira.

Hao watoto walikuwa wameng'ang'ania kumwona komba wa Rondo, yule mnyama mdogo wa mitini aliyepewa jina la msitu wa Rondo, huku kwetu Lindi. Huyo tapeli, kijana tu, nilikutana naye stendi. Akanisalimia Kimwera, akaniita shangazi, akamwelezea mnyama bila kukwama: ana gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kusugulia chupa, wataalamu walimtangaza kuwa aina ya peke yake mwaka 1997. Hata mlio wake akanichezea kwenye simu. Na yote hayo ni kweli! Ningemshukuje? Nikamtumia laki na themanini palepale, eti ya kibali, mlinzi na gari.

Kesho yake saa nane mchana, jua la utosi, Noah ikaacha lami ikasimama kwenye mikorosho. Msitu hatukuuona. Akatokea mwenzake na kiroba cha mkaa, akakikung'uta. Akadondoka komba mkubwa kama paka, kamba imemkaza kiunoni mpaka manyoya yamenyonyoka, macho kayafumba kwa mwanga, vidole vinapapasa pa kushika. "Huyo hapo, pigeni picha." Kitinda mimba wa shemeji akaniuliza, "Mama mkubwa, mbona anatetemeka?" Nilikosa cha kumjibu.

Nikauliza kibali. Kipo kwa bosi. Tulipofika mjini, simu yake haipatikani.

Wakamatwe wote wawili! Kumtia mnyama wa porini kwenye kiroba na kumtembeza kama kuku wa mnada! Wafungwe, na dhamana wasipewe. Watu kama hawa ndio wanaowafanya wageni waikimbie Lindi, na vijana waaminifu wanaoijua misitu wanakosa riziki.

Halafu jamani, komba ni mnyama wa usiku. Anayekupeleka mchana anakudanganya. Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na malipo ya serikali yanapitia kontroli namba, siyo namba ya mtu. Yangu ilisoma jina la mwanamke nisiyemjua. Nililiona kabisa, nikabonyeza namba ya siri hivyohivyo.

Ujumbe wa muamala ninao. Kesho asubuhi naenda polisi. Kama na wewe amekupiga, njoo twende pamoja.