Usiku mmoja majini Alappuzha, na dalali aliyeniuliza kama kwetu kuna umeme

Nilikusudia kuandika tathmini hii nikiwa bado Kerala, lakini mke wangu alinizuia, akisema niache kwanza hasira ishuke. Miezi kadhaa imepita na haijashuka, kwa hiyo naandika.

Tulikwenda katika jimbo hilo la kusini mwa India kumsindikiza mjomba wangu aliyekuwa akitibiwa Kochi. Alipopata nafuu alitusihi tutoke hospitalini japo siku mbili tukatembee, na kila tuliyemuuliza alitutajia jambo lilelile: kulala ndani ya kettuvallam, ile boti kubwa yenye paa la mianzi na mikeka inayozunguka katika maziwa na mifereji ya Alappuzha, mwendo wa kilomita 50 hivi kusini mwa Kochi. Nikalipa kupitia kwa dalali mmoja ambaye simtaji jina, kwa kuwa sitaki kumtangazia biashara.

Malalamiko yangu yanahusu kiyoyozi. Picha alizonitumia zilionyesha chumba chenye kiyoyozi, na bei niliyotozwa ilikuwa ya chumba hicho. Hakunieleza kwamba chombo hicho huwashwa saa tatu usiku na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi, jambo ambalo baadaye niliambiwa ni kawaida ya boti nyingi za huko, nami ningelivumilia. Wala hakunieleza kwamba boti hutakiwa kufungwa ufukoni mnamo saa kumi na moja na nusu jioni, ili wavuvi wapate kutega bila nyavu zao kukatwa na rafadha. Sababu hiyo nilipoisikia niliipenda, maana aliyekulia pwani anajua uchungu wa wavu uliochanika. Basi saa tatu ikafika, kiyoyozi kikakohoa mara mbili tatu, kikatupulizia hewa ya moto, kisha kikanyamaza moja kwa moja. Madirisha yalikuwa vioo visivyofunguka. Boti yetu ilikuwa imebanwa katikati ya safu ya nyingine, jenereta za majirani zikinguruma kulia na kushoto, na moshi wake ukipenya chini ya mlango.

Nikampigia dalali. Sikumtukana, nilimsalimu, nikamwuliza afya yake, nikamweleza tatizo kama mtu anayemweleza ndugu yake. Akanijibu: "Kwani huko kwenu Afrika mna umeme?" Akacheka, akakata simu. Nilipiga tena mara tano, hakupokea hata moja.

Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa na jibu zuri. Nilikaa kwenye kitanda chenye joto nikiyatunga majibu moja baada ya jingine, kwamba mimi ni mzaliwa wa Lamu, kwamba vyombo vya Bara Hindi vilikuwa vikitufikia kwa upepo wa kaskazi karne nyingi kabla waya wa kwanza wa umeme haujatandazwa kwake wala kwetu, na kwamba baharia aliyemwongoza Vasco da Gama hadi pwani yao mwaka 1498 alichukuliwa Malindi. Hili la mwisho si la kujivunia sana, nikikumbuka Wareno waliwafanyia nini watu wa pande zote mbili, lakini usiku ule lilinitosha. Wakati huo ningemshauri kila Mswahili abaki kwao.

Aliyeniokoa ni nahodha, mzee mwembamba ambaye mpishi alimwita chetta, yaani kaka, nami nikamwita hivyohivyo. Bila kuulizwa alilibeba godoro letu hadi sitaha ya mbele, akafunga chandarua kwenye nguzo, na alipokuwa akikaza fundo nikaziona mbao za ubavu wa boti. Zilikuwa zimeshonwa. Niliinama na tochi ya simu nikazitazama kwa makini: ubao kwa ubao, tundu kwa tundu, kwa kamba ya usumba. Akaniambia kwamba kettu maana yake ni kufunga na vallam ni chombo. Kwamba mbao ni za anjili, mti wa jamii ya mfenesi. Kwamba hakuna msumari hata mmoja. Na kwamba zamani boti hizi zilipakia mpunga na viungo kwenda Kochi, kabla barabara na malori hayajaziondoa kazini na watalii kuzirudisha.

Nikamwambia habari za mtepe. Chombo kile cha Wabajuni, kilichoshonwa kwa usumba uleule na kupandishwa tanga la mkeka, mimi sijapata kukiona baharini. Nimeona mfano wake tu katika makumbusho ya Lamu, nyuma ya kamba ya kuzuia watoto. Hapa nilikuwa nimelalia binamu yake. Chetta hakuamini, akataka nimtumie picha.

Asubuhi alitutia katika mtumbwi mdogo, akatupitisha kwenye mifereji ambayo boti kubwa haziingii, na hapo nikasahau hata joto. Mashamba ya mpunga ya Kuttanad yako chini ya usawa wa bahari, hivyo ukiwa mtumbwini unayatazama kwa chini, ukingo wa udongo tu ukiyatenga na maji unayoelea juu yake, pampu zikiyatoa maji yanayovuja. Mtu mmoja aliswaga mamia ya bata kama mchungaji na mbuzi wake. Tuliporudi, mpishi alikuwa ametuandalia appam, ambazo ni vibibi kabisa isipokuwa zimechacha zaidi na kingo zake ni nyembamba na kavu, pamoja na samaki wa karimeen aliyepakwa viungo na kuokwa ndani ya jani la mgomba. Mke wangu alikula wawili.

Nilishuka nikiwa nimeshaanza kusamehe. Kisha tukamkuta dalali gatini, nikamwomba anirudishie tofauti ya bei ya kiyoyozi, akanitazama kana kwamba hatujapata kuonana, akageukia wageni wengine. Jioni, huko Kochi, tulikwenda mapema kuwatazama wachezaji wa Kathakali, ngoma ya maigizo ya Kerala, wakipakwa rangi, kazi ya saa nzima na zaidi. Tukaelezwa kwamba uso wa kijani ni wa shujaa na ndevu nyekundu ni za mwovu. Mchezo wenyewe ni mzuri sana, lakini kila mwenye ndevu nyekundu alipoguta mimi nilisikia swali lile la umeme.

Boti ile naipa nyota nne. Nilitaka kuipa moja, na jana usiku nilikuwa nimefika mbili. Anayekwenda aende Alappuzha mwenyewe, aingie botini, awashe kiyoyozi kabla hajatoa hata rupia moja, na aulize kama nahodha ataweza kumpatia mtumbwi. Picha ya mtepe nimeshampelekea chetta. Fedha yangu ya kiyoyozi bado sijaiona.