Taa ya projekta ya darasani: balbu tupu au taa yenye fremu?

Taa ya projekta ikiungua, kuna njia mbili: ununue balbu tupu uifunge kwenye fremu ya zamani, au ununue taa kamili, yaani balbu iliyokwisha kufungwa kwenye fremu yake mpya.

Balbu tupu bei yake ni nafuu, na mhasibu wa shule ataipenda. Kazi iko kwenye kuifunga. Unafungua vibanio na nyaya mbili, kisha unaikalisha mpya palepale ilipokaa ya kwanza. Ikiinama kidogo tu, kona moja ya picha inafifia na waliokaa nyuma hawasomi kitu. Ukiigusa kioo kwa kidole, mafuta ya ngozi yanaungua hapo na balbu inakufa mapema. Kama ya zamani ilipasuka, watoe wanafunzi na ufungue madirisha kwanza, maana ndani mna zebaki.

Taa kamili haina mlolongo huo. Chomoa waya wa umeme, subiri kama saa moja ipoe, legeza skrubu, vuta kishikio, sukuma mpya. Mwalimu mwenye bisibisi anaiweza. Ila bei yake! Na zipo fremu mpya zenye balbu za kubahatisha, kwa hiyo uliza ndani mna balbu ya kampuni gani.

Shule isiyo na fundi, naishauri taa kamili. Yenye fundi mzuri na projekta nyingi za aina moja itaokoa hela kwa balbu tupu. Vyovyote vile, safisha kichungi cha vumbi na urudishe hesabu ya saa za taa kwenye 0 kupitia menyu, la sivyo projekta itaendelea kudai taa mpya.