Mafuta ya asili ya nywele na ngozi: yapi ununue kwanza, yapi uyaache dukani

Juzi mdogo wangu karudi na mfuko umejaa chupa, nikazihesabu saba, nyonyo, habasoda, zaituni, karafuu, rozimari, parachichi na moja imeandikwa tu mafuta ya kukuza nywele, haina hata orodha ya kilichomo ndani, alafu nywele zake bado kavu zinakatika palepale mbele zinapobanwa. Nikamwambia mdogo wangu, hela yote hii umemwaga bure, nywele zako zina kiu ya maji sio ya mafuta. Mafuta hayaongezi maji kwenye nywele wala kwenye ngozi, kazi yake kubwa ni kuyazuia yaliyopo yasitoke. Ukipaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu ndani. Kwahiyo kabla ya kununua chochote hapa chini tafuta chupa ya kupulizia, jaza maji ya kawaida, na uzoee kupaka mafuta ukiwa umetoka kuoga ngozi bado ina unyevu. Chupa moja ukiitumia hivyo itakusaidia kuliko hizo saba.

Nimezipanga kwa jinsi ambavyo ningekushauri uanze kununua ukiwa na hela kidogo, nikiangalia inafanya nini kweli, inapatikana kirahisi kiasi gani, na rahisi kuchakachuliwa au la.

1. Mafuta ya nazi

Haya ndo ya kwanza na wala sio kwasababu bibi zetu wa pwani waliyatumia, ni kwamba kwenye nywele yanafanya kitu ambacho mafuta mengi hayawezi. Nywele ni protini, na kila ukiosha na kuchana inapotea kidogo. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya loriki, ni ndogo na imenyooka kwahiyo inapenya mpaka ndani ya unywele wakati mafuta mengine mengi yanabaki juu juu. Mwaka 2003 watafiti wa India walilinganisha nazi, alizeti na mafuta ya madini yanayotokana na mafuta ghafi, na ni nazi peke yake iliyopunguza protini kupotea, ikipakwa kabla ya kuosha au baada. Mi napaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, nafunga kitambaa, asubuhi naosha, na tofauti naiona kwenye kitana maana nywele zinazobaki pale ni chache.

Sasa kununua. Ukienda Kariakoo au Tandika utakuta yamewekwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizotumika, mengine safi kabisa mengine hapana, kwahiyo angalia rangi na unuse. Mazuri yanakuwa meupe kama maji na harufu ya nazi tamu. Yakiwa kahawia yana harufu ya moshi basi yametoka kwenye mbata zilizokaushwa kwa moto, au yamepikwa yakaungua, sio sumu ila ubora umeshuka. Alafu yaweke kwenye friji. Nazi huganda kuanzia kama nyuzi 24 kushuka chini, kwahiyo kwenye friji lazima yawe meupe yote kama nta, ukiona chini yameganda juu yanachezacheza ujue kuna mafuta mengine wamechanganya. Kipimo hiki hakikamati kila kitu, mise, yale mafuta ya kokwa za mchikichi, nayo inaganda hivyohivyo, ndo maana pua yako ni muhimu. Na ukiwa Njombe au Arusha mwezi wa saba ukayakuta yameganda kabatini usitupe jamani, hayajaharibika, yaweke tu chupa kwenye maji ya moto.

Ya kutengeneza nyumbani mi ndo nayapenda zaidi. Nazi kumi zilizokomaa, zile ukizitikisa unasikia maji, unazikuna, unakamua tui zito kwa maji ya uvuguvugu kidogo, unaliacha usiku kucha kwenye bakuli, asubuhi ule utando mzito wa juu unauchota unauweka kwenye sufuria moto mdogo sana. Hapo ndo wengi wanaharibu, wana haraka. Acha maji yakauke taratibu mpaka mashapo yaanze kuwa kahawia kidogo, epua, chuja kwa kitambaa kikavu. Mi napata kama nusu lita, nazi zikiwa nzuri. Chupa iwe kavu kabisa maana tone la maji likibaki ndani baada ya muda yanaanza kunuka uchachu.

Angalizo mawili. Usoni kama unapata chunusi usiyapake, yanaziba vinyweleo kwa watu wengi. Na kama una mba ule wa kunata wenye kuwasha, usimwage mafuta kichwani ukidhani ni ukavu, kuna fangasi anaitwa Malassezia anaishi kichwani na anakula mafuta, utakuwa unamlisha. Huyo anatibiwa kwa shampuu yenye ketokonazo ya duka la dawa.

2. Siagi ya shea

Ni mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea, wauzaji wanaita shea bata. Ile ya kaskazini mwa Uganda, kule kwa Walango na Waacholi, ni laini unaweza kuichota kwa kidole, ya Afrika Magharibi inakuwa ngumu zaidi, zote nzuri. Hii ni ya ngozi kavu haswa, magoti, viwiko, miguu, na ncha za nywele baada ya kupulizia maji. Wakati wa kipupwe sina mbadala wake.

Nunua isiyosafishwa, iwe na rangi ya krimu na kale kaharufu ka kokwa na moshi, ikiwa nyeupe pee haina harufu yoyote imeshasafishwa kiwandani, bado inalainisha lakini vitu vingine vizuri vimetolewa. Harufu kali ya manukato mi nairudisha mezani. Ukiikuta ina chengachenga kama sukari usilalamike kwa muuzaji, iliyeyuka ikapoa polepole tu, isugue viganjani inayeyuka. Nyumbani nachanganya vijiko vitatu vya shea na kimoja cha nazi, nayeyusha juu ya maji ya moto, sio moja kwa moja kwenye moto, ikianza kuganda naipiga na mchapo mpaka inakuwa kama krimu ya keki. Inakaa miezi bila shida mradi usichote na kidole chenye maji.

3. Mafuta ya alizeti

Najua hapa wengi mtashangaa, mafuta ya kupikia? Ndiyo. Kwa ngozi ya mwili nayaweka juu ya zaituni. Mwaka 2013 watafiti wa Sheffield Uingereza waliwapakisha watu wazima mafuta ya zaituni na ya alizeti mikononi wiki kadhaa, na yale ya zaituni yakawa yanadhoofisha ule ukuta wa juu wa ngozi unaozuia maji kutoka, ila alizeti hayakuudhoofisha. Alizeti yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo ngozi inaihitaji kujenga ukuta wake. Sisi tunatoa hela nyingi kwa kichupa cha zaituni kutoka mbali wakati Singida wanakamua alizeti kila msimu, inaniuma kweli.

Kwa ngozi chukua yaliyochujwa vizuri, yale mazito ya mashine ya mtaani yana harufu itakayokufuata mpaka ofisini. Ndani ya chupa ndogo, mbali na jua, maana yanachacha haraka kuliko nazi. Kwenye nywele usitegemee makubwa.

4. Alovera, ila nunua mmea

Usinunue jeli ya kijani kwenye kopo, nyingi ni maji, rangi na manukato, soma orodha utaona alovera imeandikwa mwishoni. Nunua mche kwa wauza maua wa barabarani, panda kwenye ndoo iliyotobolewa, hautaki maji mengi. Kata jani la chini, lisimamishe kama robo saa ule utomvu wa njano utoke wote kwasababu huo ndo unaowasha watu, alafu menya utumie ute mweupe tu. Mi nautumia ngozi ikiwa imeungua na jua na kwenye nywele kabla ya kusuka, kisha mafuta juu yake. Jani likibaki kwenye friji siku chache basi, usiweke wiki tatu.

5. Nyonyo

Wengine mnaita mbarika. Yananunuliwa sana kwa sifa ya kukuza nywele, na ukweli ni kwamba sijawahi kuona uthibitisho wa maana kuwa yanaotesha. Ninachojua ni mazito kama asali, yanashika unyevu vizuri na yanafanya nywele zionekane zimejaa, ndo maana watu wanaona zimekua. Ukitaka kuyatumia changanya sehemu moja na sehemu tatu za nazi, usimwage kichwa kizima maana nywele ndefu zinaweza kushikana zikawa kama mkeka na hapo ni mkasi tu. Alafu naomba sana, usijaribu kuyakamua mwenyewe nyumbani, mbegu zake zina sumu inaitwa risini na watoto wanazipenda zile mbegu za madoadoa. Nunua yaliyokamuliwa tayari.

6. Glisarini

Duka lolote la dawa wanayo, kichupa kidogo bei nafuu. Hii inavuta maji. Usiipake yenyewe kavukavu, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ndani ya ile chupa ya kupulizia, alafu mafuta juu. Dar na Mombasa kwenye unyevunyevu inafanya kazi vizuri mno, Dodoma kwenye upepo mkavu bila mafuta juu itayavuta maji ya ngozi yako mwenyewe.

7. Ubuyu, parachichi, habasoda, zaituni

Mazuri, hayana tatizo, ila ni ya mtu ambaye hapo juu ameshamaliza. Ubuyu mwepesi haunati, mi ningeuchagua kwa uso kama hela ipo. Bei yake ni kubwa kwahiyo vishawishi vya kuchakachua ni vingi, nunua kwa mtu unayemjua. Parachichi lenyewe la kuponda kichwani mi niliacha, vipande vinabaki kwenye nywele siku tatu, kama lazima basi lichuje kwa chujio la chai.

Mafuta ya mgando najua sio ya mimea, lakini kwa magaga ya miguu usiku na soksi juu hakuna hata moja kwenye orodha hii linaloyashinda, na ni ya bei ya chini.

Liwa, ule mti wa manukato wa pwani, sikuipa namba maana ni kitu cha heshima yake. Ile ya kusugua kijiti kwenye jiwe na marashi mawaridi, ngozi inabaki imepoa na inanukia mpaka kesho. Darajani pale Unguja unapata kijiti chenyewe, na nakushauri kijiti sio unga, unga unaweza ukawa maranda yoyote yaliyotiwa manukato.

Vya kuacha kabisa

Ndimu na limao usoni. Mi mwenyewe miaka ya nyuma nilipaka ndimu na asali, nikanawa harakaharaka nikatoka juani kwenda sokoni, siku mbili baadae nina bakabaka jeusi shavuni lililokaa miezi. Maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza ngozi, hii inajulikana kabisa, na ni makali kuliko asidi ya ngozi yetu mara nyingi mno. Baking soda na magadi nayo yako upande wa pili wa asidi, yanavuruga ngozi na yanakausha nywele. Mafuta makali ya karafuu, mchaichai na rozimari usipake bila kuyachanganya, matone machache kwenye kijiko cha nazi yanatosha na ujaribu kwanza nyuma ya mkono usubiri siku moja.

Na losheni za kupimiwa, zinazoitwa za asili za kung'arisha. Dada zangu, kitu cha asili hakikutakatishi kwa siku nne. Kikifanya hivyo ndani kuna haidrokwinoni (dawa ya kutakatisha ngozi), zebaki au dawa ya steroidi, ni mkorogo uliovalishwa jina zuri. Zebaki inaharibu figo, na steroidi inafanya ngozi kuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Dukani tafuta alama ya TBS, wao ndo wanasimamia vipodozi Tanzania bara tangu 2019, Kenya ni KEBS, na ukiona neno calomel kwenye kiboksi ni zebaki hiyo. Isiyo na orodha ya kilichomo usinunue hata ukipewa punguzo.

Mwisho kwa wenye watoto. Kichwani kwa mtoto ukiona duara nywele zimekatika na magamba, hayo ni mapunye, tafadhali usijaribu nazi wala kitunguu saumu wala habasoda. Yako ndani ya mzizi wa nywele, mafuta hayafiki na wiki zinapita huku anawaambukiza wenzake shuleni kwa kitana na kofia. Mpeleke kituo cha afya, atapewa dawa ya kumeza wiki kadhaa, na kitana chake kiwe chake peke yake.