Dell P2419H ya mtumba: uzoefu wangu Mombasa

Kama kazi yako ni hati, usinunue skrini kabla hujakagua mguu wake. Mimi huandaa hati za forodha za mizigo inayoshukia bandari ya Kilindini. Kutwa macho yako kwenye ankara na orodha za shehena, na kwenye laputopu ya inchi 14 kila ukurasa niliusoma vipandevipande. Tarakimu moja ikikupita hapo, kontena la mteja linakaa bandarini likila pesa.

Madukani Barabara ya Digo nilionyeshwa kwanza skrini mpya ya inchi 27. Kwa mbali inapendeza. Lakini ya bei ninayoiweza ina pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, zilezile za skrini ya inchi 24, zimetandazwa mahali pakubwa zaidi, na herufi ndogo za ankara zikaonekana na kingo zilizomeguka. Mguu wake nao huinama mbele na nyuma tu.

"Dadangu, chukua mpya, mtumba wa nini?" muuzaji akaniambia. Nikamwomba aniwashie skrini ya mtumba, Dell P2419H ya inchi 24 iliyotoka Uingereza.

Hii hupanda, hushuka, na huzungushwa ikasimama wima. Ikisimama, ukurasa wa A4 unaingia wote, mkubwa kuliko karatasi yenyewe, na chini pakabaki nafasi ya kikokotoo. Kwangu hilo pekee lilitosha. Paneli yake, yaani kile kioo kinachoonyesha picha, ni ya aina ya IPS, kwa hiyo rangi hazibadiliki ukiitazama kwa pembeni. Paneli za aina nyingine, TN, ukizisimamisha wima, upande mmoja huonekana umefifia, na macho huchoka upesi.

Mwangaza wake ni niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini). Kwangu Tudor jua linapiga vikali, basi nimeiweka ubavuni mwa dirisha, si mbele yake, na nasoma bila taabu. Spika haina. Plagi ya Uingereza ndiyo hiihii yetu ya miguu mitatu, huhitaji adapta.

Ukienda kununua, beba laputopu yako na hati yako halisi. Fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, utafute madoa na vidoti vilivyokufa. Chungulia matundu ya nyaya pia, maana chumvi ya hewa ya pwani haina huruma na chuma. Ukipewa waya wa picha wa VGA, ule wa zamani, dai wa HDMI, herufi zitakuwa kali zaidi. Na dhamana iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba iliyo nyuma ya skrini.