Msilipe hiyo "elfu na kitu": uzoefu wangu wa kupinga kosa la CRB

Nyota moja. Ingewezekana ningetoa nusu, na hiyo nusu ingekuwa ya askari wa mlangoni, kwa maana ndiye pekee aliyenielekeza dawati sahihi.

Benki siitaji. Mkopo niliumaliza, na barua ya kumaliza mkopo ninayo, ina muhuri na sahihi. Miezi kadhaa baadaye ripoti ya CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji hapa Kenya, ikasema nadaiwa shilingi 1,340 na mkopo ni mbovu. Kufika kaunta, kijana hata macho hakuyabandua kwenye skrini. "Mama, si ulipe tu hiyo elfu na kitu yaishe?"

Yaishe! Neno hilo ndilo lililonitia hasira hadi leo, kwa sababu haliishi. Ukilipa deni ambalo si lako umelikubali. Rekodi haifutwi, inageuka tu kuwa "alishindwa, baadaye akalipa", na taarifa mbaya hukaa miaka 5 kuanzia siku deni lilipomalizwa. Elfu na kitu yako imekununulia miaka 5 ya kujieleza kwa kila afisa wa mikopo utakayekaa mbele yake. Huyo kijana ama halijui hilo, na yuko dawati la mikopo, ama analijua na akanishauri hivyo hivyo. Sijui afadhali ni lipi.

Kosa lenyewe huzaliwa hivi. Ijumaa unaomba salio la kumaliza mkopo, unapewa hesabu ya siku hiyo hiyo. Pesa zinaingia Jumanne. Riba ya siku 4 imeshaongezeka, na mfumo unayaacha makombo hayo kwenye akaunti badala ya kuifunga. Yangu yalikuwa shilingi 610. Tangu 2020 Benki Kuu ya Kenya imezuia deni la chini ya shilingi 1,000 kupelekwa CRB, kwa hiyo 610 isingenigusa. Lakini adhabu ya kuchelewa ilikuwa inajirundika juu yake kila mwezi hadi ikavuka mstari. Siku 90 zikapita, mkopo ukahesabiwa mbovu, ukatumwa CRB pamoja na mafungu mengine bila mtu kuutazama.

Ndiyo maana nawaambia watu waombe salio la tarehe ya mbele, siku ambayo pesa zitakuwa zimefika, na pesa zikishaingia wadai stetimenti inayoonyesha sufuri. Barua pekee haitoshi. Barua huandikwa na mtu. Mfumo hausomi barua.

Ukishaorodheshwa, usikimbilie cheti cha CRB. Cheti kinakwambia tu kama umeorodheshwa au la. Unachohitaji ni ripoti kamili, na uchukue kwa kampuni zote tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, maana kosa likiondoka kwa moja si lazima liwe limeondoka kwa nyingine. Sheria inakupa ripoti ya bure mara moja kwa mwaka, usikubali kulipia ya kwanza. Alama za ukopaji walizokupa usizisumbukie, hizo ni matokeo tu. Nenda kwenye mstari wa akaunti: namba ya akaunti, salio, siku za kuchelewa, tarehe ya mwisho taarifa ilipotumwa. Linganisha na stetimenti, siku kwa siku. Kagua na namba ya kitambulisho pia, kuna watu wanabeba mikopo ya wengine kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa.

Malalamiko yaende kwa maandishi, CRB na benki siku moja: nakala ya kitambulisho, ukurasa wa ripoti wenye kosa, barua ya kumaliza mkopo, stetimenti. Dai namba ya kumbukumbu. Na maneno yachague vizuri. Usiandike "naomba taarifa isasishwe." Andika kwamba akaunti iliorodheshwa kimakosa na unataka orodha hiyo ifutwe. Halafu waulize benki swali moja: notisi ya siku 30 kabla ya kukuorodhesha mliituma wapi? Sheria inawataka waitume. Yangu, wakaniambia, ilikwenda kwenye sanduku la posta nililoliacha zamani, ilhali namba yangu ya simu wanayo na matangazo ya mikopo hawachoki kunitumia.

Hapa lazima niwe mkweli: watu wa CRB walinishangaza. Binti aliyepokea simu alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia mgogoro utawekewa alama kwenye ripoti, akanieleza bila kunizungusha kwamba wao hawawezi kubadilisha namba. Aliyeituma ndiye anayeirekebisha. Upande wao nilikuwa nimeshapandisha nyota hadi nne.

Kisha benki ikajibu. Hawakufuta. Waliandika "deni limelipwa". Yaani lile lile nililolikataa kaunta, sasa wamelifanya wenyewe bila hata shilingi yangu! CRB nao wakafunga malalamiko: "yametatuliwa". Nyota zangu nne nikazichukua zote. Nikaandika upya, nakala nikaipeleka Benki Kuu na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa kuwa sheria ya 2019 inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa za uongo kukuhusu. Baada ya hapo mambo yalikimbia ajabu, orodha ikafutwa kote, na nikapokea barua pepe ya "Ndugu mteja, tunasikitika kwa usumbufu".

Nilikuwa nataka kuishia hapo, na nyota mbili, labda mbili na nusu.

Ila walirekebisha CRB tu. Akaunti yenyewe hawakuifunga, na benki hutuma taarifa upya kila mwezi. Kama uko hatua hii, stetimenti ya sufuri ije kwanza, kufutwa kufuate. Nimechukua ripoti nyingine asubuhi hii. Mstari umerudi, na sasa unasoma shilingi 1,520.