Niliambiwa nifupishe majina ya wanachama: uzoefu wangu na huduma ya kugeuza Kotlin kuwa Swift

Mtu wa huduma kwa wateja aliniuliza kama tumewahi kufikiria kuwafupishia wanachama wetu majina. Sitanii. Aliandika kwa adabu zote, akaweka na kialama cha uso unaotabasamu mwishoni. Nimejaribu kuandika maoni haya mara kadhaa nikiwa nimetulia, imeshindikana, kwa hiyo mtayapata yalivyo.

Kuna kampuni inayouza huduma ya kugeuza msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, kutoka lugha moja ya kompyuta kwenda nyingine. Unapakia mradi wako wa Android ulioandikwa kwa Kotlin, unarudishiwa mradi wa iPhone ulioandikwa kwa Swift. Jina lao siliandiki, sitaki kesi. Bei na orodha ya wanayoyaweza mtayakuta wenyewe kwenye tovuti yao, yamepambwa vizuri sana.

Sisi tuna programu ya simu ya kuwekea hesabu za vikoba. Tulianza na Android kwa sababu ndizo simu walizonazo watu wetu, na kwa muda mrefu hatukuona haja ya kingine. Halafu mweka hazina wa kikundi kimoja cha Mbagala akaletewa iPhone na mwanawe anayefanya kazi Muscat. Mweka hazina ndiye anayeingiza michango yote siku ya kikao. Nikampendekezea ile simu ya zamani aiache iwe ya kikundi. "Mwanangu, mimi simu mbili sibebi," akanijibu, mazungumzo yakaishia hapo. Vikundi vingine navyo vikaanza kuuliza. Kuandika programu nzima upya kwa Swift tulikuwa hatuna mtu wala muda. Tukalipia huduma.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye mambo.

Kila mchango ukiingizwa, simu inatengeneza namba ya uhakiki kutokana na jina la mwanachama, inaituma kwenye seva pamoja na kiasi, seva nayo inapiga hesabu ileile na kulinganisha. Si ulinzi wa kuzuia wezi, msianze kunisahihisha. Wezi wana dawa yao nyingine. Hii ni ya kunasa makosa ya kuandika na data iliyofika nusunusu. Kanuni yake ni ile ya hashCode ya maandishi kwenye lugha ya Java, ya tangu na tangu: unachukua jumla uliyonayo, unazidisha kwa 31, unaongeza namba ya herufi inayofuata, unaendelea hivyo mpaka jina liishe.

Kwenye Kotlin, kama ilivyo kwa int ya Java, Int, yaani aina ya namba kamili, ina biti 32. Mwisho wake ni 2,147,483,647. Ukivuka hapo haikuambii kitu, inazunguka kimyakimya hadi kwenye namba hasi na kuendelea na safari. Kanuni ile inategemea kuzunguka huko. Kwenye Swift, Int katika iPhone zote za sasa ina biti 64, mwisho wake ni namba ya tarakimu 19, na ukiuvuka Swift haizunguki. Inaizima programu palepale. Ndivyo Apple walivyoamua tangu walipoitoa lugha hiyo mwaka 2014, na kwa kweli ni uamuzi wa busara, kwa sababu namba inayozunguka bila taarifa imeshaumiza watu wengi.

Mashine ya hawa jamaa iliona Int upande huu, ikaandika Int upande ule. Basi. Neno kwa neno.

Matokeo yake fanyeni hesabu wenyewe. Jina la herufi tano kurudi chini, jumla haifiki mpaka wa biti 32, kwa hiyo simu zote mbili zinatoa namba moja. Asha anapita. Juma anapita. Likirefuka kidogo, mathalani Mama Zawadi, ambalo na nafasi yake lina herufi 11, Android inakuwa imeshazunguka wakati iPhone bado inapanda juu bila wasiwasi. Namba zinatofautiana, seva inakataa. Na aliyejiandikisha kwa majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, akishavuka herufi 12 hata biti 64 hazitoshi, programu inajifunga usoni pa mtu.

Kwenye majaribio yetu kila kitu kilikuwa kijani. Kwenye mifano ya kampuni yenyewe, ile inayokuja na mradi wa kujifunzia, wateja wanaitwa Anna, Bob na Tom. Jamani.

Tuliyajua haya Jumamosi moja kuelekea mwisho wa mwaka jana, kikao kikiwa kimejaa. Mama mweka hazina anaingiza mchango wa Asha, tiki ya kijani. Anaingiza wa Mama Zawadi, maandishi mekundu: RISITI HAIJATHIBITISHWA. Anarudia, mekundu. Anaingiza wa bibi mmoja mwenye majina yake matatu kamili, simu inarudi kwenye picha ya wajukuu. Nilikuwa nimekaa pembeni na kompyuta yangu, nikaona watu wanaanza kutazamana. Mjuao vikoba mnaelewa. Hakuna aliyesema neno, lakini mmoja akaomba kwa upole daftari la zamani liletwe, wakaanza kujumlisha kwa kalamu hela iliyokuwa mezani, mbele ya mwanamke aliyewatunzia fedha miaka yote hiyo bila senti kupotea. Hela ilitimia. Lakini ilihesabiwa, na kwa nini ihesabiwe?

Usiku ule nikaandikia huduma kwa wateja. Nikaambatanisha kumbukumbu za programu ilipojifunga, nikaonyesha mstari wenyewe, nikaeleza kwa nini Int ya Kotlin ilipaswa kuwa Int32 kwenye Swift, na kwamba kuzidisha kuandikwe &* na kujumlisha &+, alama ambazo Swift inazo mahsusi kwa anayetaka namba izunguke. Yaani niliwapa ugonjwa na dawa yake kwenye ujumbe mmoja. Jibu likaja kesho yake: hali hii ni nadra, inasababishwa na data yenye urefu usio wa kawaida, je, tumefikiria kuweka kikomo cha herufi kwenye sehemu ya jina?

Urefu usio wa kawaida! Jina lake, la baba yake na la babu yake, ndiyo data isiyo ya kawaida. Anna ndiye wa kawaida.

Nikamjibu kwa maneno ambayo nisingependa mama yangu ayasome. Akanishukuru kwa mrejesho.

Hapo ndipo nilipotaka kuweka nyota moja na kuondoka. Lakini haki ni haki, na mwenzangu ninayefanya naye kazi kanikumbusha tulikotoka. Mambo mengine yote mashine ile imeyafanya vizuri kiasi cha kukera. Kila fun imekuwa func, kila val imekuwa let, when zimegeuka switch zilizonyooka, na zile alama za kuuliza za vitu vinavyoweza kuwa havipo zimehamia upande wa pili bila kukosewa, maana Kotlin na Swift zinafanana sana kwenye jambo hilo. Maoni tuliyoandika ndani ya msimbo kwa Kiswahili yaliachwa kama yalivyo. Msimbo unasomeka, unaweza kudhani umeandikwa na binadamu. Kazi ambayo ingetutafuna miezi tuliikuta tayari asubuhi tulipoamka. Kwa hiyo zilikuwa nyota tatu. Nilishaziweka tatu kabisa.

Najua swali linalokuja: kwa nini hamkutumia Kotlin Multiplatform ya JetBrains (ndio waliotengeneza Kotlin), ambayo tangu Novemba 2023 imetangazwa kuwa imara? Ile haigeuzi Kotlin kuwa Swift, inaupika msimbo wa Kotlin moja kwa moja hadi kuwa programu ya iPhone, na Int inabaki na biti zake 32 popote inapokwenda. Yawezekana ingetuepushia yote haya. Sisi tulitaka Swift inayosomeka kwa sababu kijana atakayetunza upande wa iPhone Kotlin haijui, na sababu hiyo bado naiona ni halali. Kuna pia J2ObjC ya Google, ya tangu 2012, inayogeuza Java kuwa Objective-C, lugha ya programu za iPhone kabla ya Swift. Ninachokiheshimu pale ni kwamba walisema mapema wanageuza kiini cha programu tu, skrini ujiandikie mwenyewe kwa kila simu. Walijua mpaka wao wakautangaza. Hawa wangu wametangaza kwamba wanageuza vyote.

Sasa sikieni kilichozishusha nyota.

Baada ya muda likaja toleo jipya, na ujumbe wa furaha kwamba tatizo letu limetatuliwa. Nikageuza mradi upya. Jina refu, haijifungi. Mama Zawadi, haijifungi. Nikafungua msimbo nione wamefanyaje. Hawakuweka Int32. Hawakuweka &*. Mashine sasa ikiona kitanzi, yaani hatua zinazorudiwarudiwa, kinachofanana na hashCode inakifuta chote na kuweka hashValue, namba ya namna hiyo ambayo Swift huitengeneza yenyewe.

Kwa wasioijua: tangu Swift 4.2, ya mwaka 2018, hashValue inatoa namba tofauti kila programu inapofunguliwa upya. Wamefanya hivyo makusudi, kwa usalama, na maelezo ya Apple yanasema waziwazi usitegemee namba hiyo ifanane kati ya ufunguzi mmoja na mwingine. Kwa hiyo namba ya uhakiki ya Asha asubuhi ni hii, akifunga programu na kuifungua mchana ni nyingine, na wala haiwezi kulingana na ya seva. Mwanzo walau Asha alikuwa anapita! Wametibu kidole kwa kukata mkono, kisha wakanitumia ujumbe wa kuniomba niwape nyota tano.

Nyota moja, basi. Nikairudisha.

Tukaandika wenyewe. Mistari miwili, Int32 na zile alama zenye &, ikafanya kazi siku hiyohiyo, majina mafupi kwa marefu. Tukaongeza kipimo: orodha ya majina halisi ya kikundi, kwa ruhusa yao, yanapita Android na iPhone, namba zikitofautiana hata moja hatutoi toleo. Wiki iliyofuata mwenzangu akabadilisha skrini moja upande wa Kotlin, akageuza upya, na mashine ikafuta mistari yetu miwili na kurudisha hashValue yake. Kipimo kikainasa kabla haijafika Mbagala. Sijui ningekwenda kumwambia nini yule mama mara ya pili.

Nikawaandikia tena. Safari hii alijibu mtu mwingine, na lazima niseme, huyu alikuwa fundi. Hakunipa pole ndefu. Alisema unaweka alama fulani juu ya faili na mashine haitaligusa tena, akanionyesha mahali pa kuweka, akakiri kwamba kubadilisha Int kuwa Int ni deni lao la siku nyingi na hawajalilipa kwa sababu wateja wao wengi wangelazimika kurekebisha mahali pengi kwa wakati mmoja. Sikulipenda jibu hilo, ila lilikuwa jibu. Nikamuuliza kuhusu mwenzake wa kufupisha majina. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: yule hapangi namba, anapanga foleni ya ujumbe. Nikacheka peke yangu, hasira ikapungua nusu, na hilo nalo likaniudhi.

Kwa hiyo mkitaka kujua kama niwashauri mtumie: kama programu yenu inaonyesha habari, ratiba, picha za bidhaa, tumieni tu, mtaokoa muda mwingi. Kama ina hesabu zinazotegemea biti 32, pitieni kila Int kwa macho yenu kabla ya mtu yeyote kuigusa simu, na faili hizo ziwekeeni ile alama. Na kama ina hela za watu, mimi ningesema msitumie. Ingawa sisi yetu ina hela za watu na bado tunaitumia.

Yule mama amekubali kuendelea na iPhone. Daftari hata hivyo linakuja kila kikao sasa, linakaa mezani pembeni ya simu, na baada ya kila mchango anaandika kwa kalamu pia. Sijamwambia aache.

Kifurushi chetu kinaisha mwisho wa mwezi huu. Niliingia kwenye akaunti nikaiondoa kadi ya malipo ili kisijilipie chenyewe. Juzi mwenzangu kaniambia skrini za mikopo bado hazijageuzwa, nikairudisha kadi. Nyota mbili.